Nilivyoionja Dawa ya Mkate

Nianze na mimi, kwa sababu wote waliosimulia habari hii kabla yangu walianza na mimi, na hakuna aliyenitendea haki. Mimi ni mwanamke wa maneno. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nikijibu. Nikaolewa na mtu mpole wa Myanga, upande wa Bungoma, mtu ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anakuomba msamaha. Tulipanga chumba kimoja Matisi, pale Kitale, kwa kuwa alikuwa amepata kazi ya kukanda unga kwenye bekari ya mjini. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, masomo ya nane-nne-nne ndiyo yameanza, na kazi ya mjini ilikuwa kitu cha kujivunia hata kwa mdomo kama wangu.

Bekari ilikuwa ya mzee mmoja Kalasinga, mwenye kilemba cha samawati na ndevu nyeupe zilizojaa unga kama za mfanyakazi yeyote. Hakuwa tajiri wa kukaa ofisini. Alifungua makopo mwenyewe na kufokea oveni mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyepima: gunia la ngano, chumvi, sukari, hamira, na mwisho kikombe cha unga mwingine, laini kupita wa ngano, wa rangi ya maziwa yaliyochujuka. Huo ulikuja kwenye kopo kubwa la karatasi ngumu lenye maandishi ya ng'ambo. Wafanyakazi waliuita dawa ya mkate. Zamani mkate wa pale ukilala siku mbili ungeweza kubisha nao hodi. Dawa ilipokuja, mkate ukaumuka upesi, ukabaki laini siku nne, na maduka mpaka ya Kimilili yakawa yanauagiza.

Sasa watu ni watu. Mkate gani huo haukauki? Jirani yangu wa ukuta mmoja alisema ati unakausha damu. Mwingine akasema wanawake wakiula hawazai, na yeye mwenyewe alikuwa ameula akiwa na mimba ya sita. Maneno yakamfikia Mzee. Tangu hapo, kila kopo jipya likifunguliwa, aliita wafanyakazi wote, akachovya kidole, akakilamba mbele yao.

"Ona. Mimi kula. Mtoto yangu iko kula. Hapana sumu."

Nataka nilitamke hili wazi ili nisije nikadhulumu mtu: hakuwa anadanganya. Alikula kweli na aliamini kweli. Na kusema haki, kwa yule anayekula mkate, hakukosea.

Ile dawa ilikuwa nyepesi mno. Mume wangu akiimimina kwenye mashine ilipanda juu kama moshi, na mashine ikianza kuzunguka ilizidi kupanda. Jioni alirudi kwangu kope zimekuwa nyeupe. Nilimvua ovaroli nikaikung'utia dirishani, na siku za mvua, ambazo Kitale si chache, nikaikung'utia humo humo ndani, kando ya kitanda. Nilimtania kwamba nimeolewa na andazi.

Mwaka wa pili akaanza kupiga chafya. Halafu macho kuwasha. Halafu kifua. Kilichonichanganya ni saa yake. Kazini alikuwa anashinda vizuri, labda chafya mbili tatu tu. Anarudi, anaoga, nampakulia ugali na sukuma wiki, anakula anamaliza, ananawa mikono, na nusu saa haijaisha kifua kinaanza kulia kama mlango uliokosa mafuta. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni, akivuta pumzi ambayo haifiki. Nilimshika mgongo. Sikuwa na lingine la kufanya, na nikiogopa huwa nakasirika, basi nilimgombeza, "Pumua bana," kama vile alikuwa anakataa kwa makusudi.

Hospitali walimpima makohozi wakitafuta kifua kikuu. Hakikuwepo. Wakampa dawa ya kikohozi ya chupa, siku nyingine sindano, siku nyingine wakamwambia apunguze sigara, naye hajawahi kushika sigara. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Likizo yake ikafika. Akaenda kwao Myanga wiki mbili, mimi nikabaki na wasichana wetu wawili kwa sababu ya shule. Huko alilima, akachimba choo kipya cha mama yake, akalala usingizi wa mtoto. Alirudi Matisi amenona shingo. Siku ya kwanza kazini, jioni, baada ya chakula changu, mlango ukaanza kulia tena.

Mama mkwe wangu hakuwa mjinga. Ungekuwa ujinga ningeuzoea. Alikuwa mwanamke wa kupima mambo, na alipima hivi: kwangu mtoto anapumua, kwa mkewe hapumui. Akafunga safari akaja Kitale, akakaa kwenye kiti chetu kimoja cha maana, akanitazama nikipika. Alitazama chumvi, mafuta na mwiko. Akamtazama mwanawe anakula, ananawa, anaanza kukoroma macho wazi. Kisha akaitazama sufuria yangu.

"Mama watoto, unaweka nini kwa chakula ya huyu mtoto?"

Mtu mwenye akili angelia, au angeapa. Mimi nilimwambia naweka chumvi, na kama ana haja na yeye nitamwekea. Hapo nikawa nimejimaliza, kwa sababu Myanga tayari walikuwa wanasema nimemkalia mtoto wao chapati. Mume aletaye mshahara wote nyumbani bila kupitia kilabuni, atakuwa amelishwa kitu, si ndiyo? Na walijua, kama wanavyojua kila kitu, kwamba dawa ya kumtuliza mwanamume ikizidi kipimo humshuka kifuani. Ushahidi wote ulikuwa upande wao. Hata mimi ningekuwa hakimu, ningejifunga.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema jambo moja tu: mwanawe aache kazi arudi nyumbani. Shamba lipo, ng'ombe yupo, watu wa kwao walikula kabla ya bekari na watakula baada yake.

Na mume wangu alikuwa tayari. Hili ndilo nililolificha kwa miaka mingi, hata kwa binti zangu. Mama yake alipotoka nje, aliniangalia akasema, "Twende tu, mama watoto. Mimi nimechoka."

Nikakataa. Nikamwambia ukirudi Myanga leo, umenishtaki mbele ya ukoo mzima na umenihukumu. Watasema tulimwondoa kwa yule mwanamke akapona. Wasichana wangu watakua wakiitwa watoto wa mchawi, na nani atawaoa? Nilisema mengi, na nilisema vizuri. Maneno yangu hayajawahi kuwa matamu kama siku ile. Asubuhi akavaa ovaroli yake akaenda kazini, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Lakini na mimi nilikuwa na macho. Nilijua chafya zake zilikuja baada ya lile kopo. Nikasema ni ile dawa ya mkate, hakuna kingine, na nitamwonyesha kila mtu. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya, kwa sababu sisi sumu tunaijua kwa mdomo. Pombe ya msiba lazima mwenyeji aionje kwanza mbele ya wageni. Mama akikuletea uji, anaonja. Kitu kibaya hujulikana kikishaliwa, basi.

Jumamosi nikamchukua mama mkwe tukaenda bekari. Nikamwambia Mzee, mbele ya wafanyakazi, kwamba dawa yake inaniulia mume, na nimekuja kuila ili nianguke hapa hapa kila mtu aone. Mzee akanitazama kwa huruma, na ile huruma ikanichoma zaidi. Mume wangu alisimama kando ya mashine, ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Mama, hii kitu hapana baya. Lakini kama roho yako nataka, chukua."

Akanipa kijiko cha chai. Nikachota mpaka kikafurika, nikalamba, nikameza. Ilikuwa na ladha ya unga mbichi, na utamu kidogo kwa nyuma. Nikakaa kwenye benchi ya mbao karibu na mlango wa kupakia, mama mkwe akakaa mkabala nami, mkoba wake mapajani. Tukangoja. Nilitamani kutapika kama ninavyojua watu wengine hutamani mtoto. Mchana ukapita. Mikate ikatoka, ikapoa, ikafungwa. Nikaomba kijiko cha pili. Mzee akasema, "Basi mama, tosha," lakini akanipa. Hakuna kilichotokea. Hata gesi sikupata.

Jua lilipoanza kuinama mama mkwe akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Umejijibu," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoisafisha ile dawa kwa ulimi wangu mwenyewe. Baada ya siku ile hakuna mtu Matisi wala Myanga aliyeitaja tena, kwa sababu mchawi mwenyewe ameila akashiba. Na jambo la kutisha zaidi ni kwamba nilianza kujishuku. Nilitupa mafuta, nikanunua mengine. Nikasugua sufuria kwa majivu mpaka zikakaribia kutoboka. Nikawa nainusa mikono yangu kabla ya kusonga ugali. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuwa mchawi bila kujua, kama ugonjwa unaoupata kwa kuzaliwa.

Myanga nilikuwa nimemkatalia. Chakula changu mama yake alikuwa amemkataza. Mtu mpole akibanwa na wanawake wawili wakali hutafuta kona. Aliomba kwa Mzee, akapewa nafasi kwenye stoo ya bekari, alale huko na ale huko, mkate na chai, mpaka mambo yatulie. Mzee alimpa godoro lake mwenyewe la zamani. Godoro likawekwa katikati ya magunia, chini ya rafu ya yale makopo.

Alikuwa anakuja Jumapili. Hakuingia ndani, alikaa kwenye kizingiti, wasichana wakimpandia miguu. Jumapili ya kwanza kifua chake kilikuwa kinakoroma mchana kweupe. Ya pili, hakuweza kumbeba mdogo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyokauka.

Na mimi nilifurahi.

Nimeliandika na sitalifuta. Nilifurahi, kwa sababu alikuwa hajaonja chakula changu siku kumi na nne na bado anaumwa, tena zaidi. Nilimwambia jirani yangu kwa sauti, ili ukuta wote usikie: mmeona? Ni sufuria ya nani sasa? Jirani akaniambia, "Si umtoe huko, basi." Nikasema hapana, wacha akae wiki moja nyingine, mama yake aje amwone kwa macho yake. Nilimtumia mama mkwe ujumbe kwa mtu aliyekuwa akishuka Bungoma. Aje Jumamosi.

Alikufa Alhamisi, saa nane mchana, wakati wa kukanda. Waliniambia alimimina kikombe, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa karibu. Walimpeleka uani kwenye hewa. Mzee akamwingiza kwenye pikapu yake na kuendesha mwenyewe, mkono kwenye honi njia nzima. Mimi nilifika hospitali na aproni. Walikuwa wameshamfunika, na kope zake zilikuwa nyeupe.

Tulimzika Myanga. Sikuruhusiwa kupika wala kugawa chakula kwenye matanga ya mume wangu. Niliwekwa kwenye mkeka pamoja na wasichana wangu, na shemeji zangu wakapita na masinia juu ya kichwa changu. Nilisikia mtu akisema kwamba dawa yangu ilikuwa kali mpaka ilimfuata kazini. Mzee alikuja na kreti mbili za mikate. Watu wakala, mkate laini, wakausifu. Na mimi nilikula. Nilikuwa na njaa.

Baada ya hapo nilikaa Matisi miaka, nikauza mboga, nikasomesha wasichana, nikapoteza marafiki kwa ulimi na kupata wengine kwa huo huo. Myanga sikukanyaga. Kwenye miaka ya tisini nikaanza kuumwa kichwa, nikaenda kliniki, nikakutana na daktari mwanamke, mdogo wa umri, aliyekuwa na tabia ya kuuliza kila kitu na kuandika. Akaniuliza mume yuko wapi. Nikamwambia alikufa kwa kifua.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilimtazama. Miaka yote ile, sindano zote zile, hilo swali lilikuwa linatoka kwa kinywa cha mtu kwa mara ya kwanza. Nikamweleza, na nikamweleza mpaka kijiko changu. Akaweka kalamu chini.

Aliniuliza kama najua kimea, ule wimbi ulioota tunaotengenezea busaa. Nikamjibu kwamba mtu wa Bungoma haulizwi hilo. Akasema ndani ya kimea kuna nguvu inayogeuza unga kuwa utamu, wasomi wanaiita kimeng'enya. Ile dawa ya mkate ni nguvu ya namna hiyo, inatolewa kwenye ukungu, inakaushwa inakuwa vumbi. Ikiingia kwenye mkate, moto wa oveni unaimaliza. Ukiila, tumbo linaisaga kama chakula kingine, ndiyo maana wewe hukufa. Lakini mtu anayeivuta kwa pua siku baada ya siku, kuna miili ambayo mwishowe inaikataa, na ikishaikataa, chembe kidogo tu inafunga kifua.

"Mbona ilikuwa inamshika baada ya chakula changu?"

"Mara nyingi inachelewa, mama. Anavuta mchana, kifua kinafunga jioni. Chakula chako kilikutana nayo njiani tu."

Akaendelea kusema mambo mengine, kuhusu kitambaa cha pua na kufagia kwa maji na mimi kukung'uta ovaroli ndani ya chumba. Akasema pia watu kama yule wangefanya nini ili wapone. Nilisikia, lakini sikusikiliza. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja, sikumuua, na lilikuwa na kelele kuliko yeye.

Kesho yake nilikwenda Myanga. Nilivaa gauni langu zuri. Njia nzima nilipanga maneno, nikayanoa. Nilitaka kumwona yule mwanamke akikosa la kusema, mara moja tu kabla hajafa.

Nilimkuta uani, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, anabambua maharagwe kwenye ungo. Alinijua kwa sauti. Akanikaribisha, sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kimea, vumbi, mchana na jioni. Nikamwambia kwa miaka yote hiyo ulinivika uchawi nisiokuwa nao. Nikamwambia mtoto wako alikuwa anakufa kwa kuvuta hewa, na wewe ulikuwa unachungulia sufuria. Sikupunguza hata neno.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake iliacha kubambua. Nikangoja aombe msamaha, au abishe, maana yote mawili nilikuwa nimeyaandalia jibu.

"Hiyo daktari," akasema, "ilisema angefanya nini ndio apone?"

Nikafungua mdomo. Yale maneno ambayo sikuyasikiliza kule kliniki yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, kwa sauti ya yule daktari. Kwamba hakuna dawa kubwa. Kwamba wengi wakitoka mapema kwenye lile vumbi, wakaenda mbali nalo, wanapata nafuu bila hata hospitali.

"Angeacha ile kazi," nikasema.

"Aende wapi?"

Nilikuwa na wakati wa kutosha kusema uongo. Ningesema popote. Nikakaa chini, kando yake.

"Angekuja hapa, mama."

Alitikisa kichwa polepole, akautazama ule ungo kwa jicho lake zima.

"Nilikuwa nimeshamtandikia," akasema.